Nauli inakula mshahara wa baba kabla haujafika nyumbani: wa Lubumbashi, tuzungumze

Mwanzilishi wa uzi

Salamu kwa wote, ba yaya, ba dada, ba mama na ba papa. Uzi ni mrefu. Nitashukuru ukisomwa wote kabla ya kujibiwa.

Kila tunapomzungumzia baba mwenye kipato kidogo hapa Lubumbashi, Kongo, tunaishia kwenye mshahara: ni mdogo, umechelewa, haujatoka. Mimi leo nataka tuzungumzie njia. Namzungumzia baba anayelala Kasungami, Kisanga, Luwowoshi au pembezoni mwa Ruashi, na kazi yake iko ville (katikati ya mji), Golf, au kwenye maghala ya Kampemba. Huyu analipa kabla ya kulipwa. Manseba (pikipiki ya abiria) anamtoa nyumbani hadi kwenye lami. Taxi-bus inamfikisha komuni ya Kenya au mjini. Mara nyingi kuna gari jingine bado mbele. Jioni anarudia yote hayo, tena kwa bei ya juu ikiwa mvua inanyesha.

Tuseme kila kipande cha njia ni faranga 1,000. Vipande sita kwa siku ni 6,000. Kwa siku 26 za kazi ni 156,000. Sasa mweke hapo sentinele (mlinzi), mfagiaji wa duka, msaidizi wa fundi muashi, umpe watoto wanne au watano, kisha mniambie kinachobaki. Wengi wanachagua kutembea, na anayetembea kutoka Annexe, komuni ya pembezoni, hadi ville anatoka watoto wakiwa wamelala na kurudi wakiwa wamelala. Tunamlaumu baba kwamba hajui mtoto wake yuko darasa la ngapi. Atajulia wapi?

Zamani haikuwa hivi, na si kwa sababu wakubwa wa zamani walikuwa na huruma. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, ilihitaji mfanyakazi awe karibu na mtambo, basi ikajenga makambi karibu na mtambo. Nyumba, posho, shule ya watoto, dispensari, vyote vilikuwa hatua chache kutoka kwenye king'ora cha kazi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikarithi mpango huo baada ya utaifishaji. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa na wakoloni: Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, na eneo tupu katikati. Kamalondo ilikuwa cité (makazi ya Waafrika) ya kwanza, Kenya ikafuata, Katuba na Ruashi zikafunguliwa miaka ya 1950, kila moja mbali zaidi na katikati ya mji kuliko ile iliyoitangulia. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa ule mpango wa départs volontaires (kuacha kazi kwa hiari). Walioondoka, na watoto wao ambao leo ni mababa, wametawanyika hadi Annexe ambako kiwanja kilikuwa cha bei nafuu. Kazi ilipovunjika, makambi yalibaki lakini maana yake ikaondoka. Mji ukapanuka na hakuna aliyepanga watu watafikaje kazini.

Kuna kitu kimoja cha sheria ambacho kila baba mwenye kontrati anapaswa kukijua. Code du travail yetu (sheria ya kazi), sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 7 inaeleza mshahara ni nini, halafu inataja vitu ambavyo si mshahara: matibabu, nyumba, posho ya watoto inayotolewa kisheria, na indemnité de transport (posho ya nauli). Maana yake transport ina mstari wake kwenye fishi ya paie (karatasi ya mshahara). Bosi akisema "transport yako iko ndani ya mshahara", anachanganya vitu ambavyo sheria imevitenganisha, na mwisho wa mwezi anayepoteza ni wewe. Hata kodi inaiacha pesa hiyo pembeni, kwa kipimo cha safari nne za basi kwa mfanyakazi wa kawaida na safari nne za taxi kwa kada (mfanyakazi wa ngazi ya juu). Angalieni kipimo hicho vizuri. Nne kwa siku ni mbili kwenda na mbili kurudi. Baba wa Luwowoshi anayeanza na pikipiki tayari ana sita. Kipimo kinamfaa mtu anayekaa mahali ambapo basi linafika, na mahali hapo kodi ya nyumba inamshinda.

Wasio na kontrati, ambao ni wengi kuliko wote, kwa vitendo kifungu hicho hakiwafikii. Wachuuzi, wapasua mawe, vibarua wa siku, wachomelea vyuma. Hao nani anawahesabia nauli?

Hoja yangu ni moja: nauli ya baba ihesabiwe kama sehemu ya matunzo ya mtoto. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyosema katika kifungu cha 43. Vizuri sana. Lakini mtoto mwenye SS, ugonjwa wa damu (selimundu) ambao familia nyingi hapa zinaujua, lazima apelekwe hospitali ya Sendwe au kwenye kliniki kila mara, na hawezi kutembea umbali huo. Hapo ni nauli ya mtoto, ya mzazi, na ya kurudi. Dawa ikiwepo na nauli isiwepo, dawa haipo. Mashirika yanapokuja kusaidia familia yanahesabu unga, madaftari, chandarua. Sijawahi kuona karatasi yao yenye mstari wa nauli ya baba.

Nileteeni mawazo. Waajiri, madereva, ba mama, walio nje ya nchi, wote.

Shofere wa Katuba

Ba yaya, asante kwa uzi. Nitaongea upande wetu kwa sababu kila mara lawama inaangukia kwenye usukani.

Watu wanalalamika kwamba tunakata njia vipande viwili ili walipe mara mbili. Ni kweli tunakata. Lakini jioni kuna versement, pesa ya kila siku ya mwenye gari, na hiyo haijui kama kulikuwa na mvua au msongamano. Ukifika usiku bila hiyo pesa, asubuhi gari lina shofere mwingine. Mafuta yakipanda, versement haishuki. Roulage (polisi wa barabarani) anakusimamisha, unatoa. Balansi ya gari ikikatika kwenye shimo, ni wewe na receveur (kondakta) mnaotafuta pesa. Sasa nikikubali abiria wa safari ndefu kwa nauli moja saa za asubuhi, wakati kila mtu anataka kwenda upande mmoja, narudi tupu na siku imekufa. Na sisi pia ni mababa. Naondoka nyumbani kabla ya wale ninaowabeba.

Wazo langu ni hili. Wafanyakazi wa njia moja wasisubiri serikali. Wakipatikana watu kama kumi na tano, gari zima la Hiace, wanaotoka mtaa mmoja saa ile ile kwenda sehemu moja, wakae na shofere na mwenye gari, waandikiane bei ya mwezi. Mimi nitakuwa na uhakika wa safari ya asubuhi na ya jioni, nitawapunguzia na bado nitapata versement. Mwajiri akilipa moja kwa moja kwa shofere, ni bora zaidi. Watu wa mines (migodi) wanafanyiwa hivyo: basi linawachukua kwenye kituo kinachojulikana, saa inayojulikana. Kwa nini sentinele na wapishi wa shule wasifanyiwe?

Jambo la mwisho, kwa wanaobeba watoto. Magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, na hapa tunaendesha upande wa kulia. Mlango wa abiria unafunguka katikati ya barabara, upande yanakopita malori. Ba papa, ukishuka na mtoto, usimwache atangulie. Wewe shuka kwanza, tazama nyuma, ndipo umshushe. Nimeona mambo barabarani ambayo sitayaandika hapa.

Mama wa soko la Kenya

Nimesoma yote. Nina swali ambalo naona wanaume mnalikwepa: kwa nini baba?

Mimi nauza lengalenga na matembele. Naamka kabla ya jogoo kufuata mboga kwa wakulima, nalipia mtu na nalipia mfuko, maana receveur anahesabu mfuko kama abiria. Mtoto akiugua, anayembeba mgongoni mpaka dispensari ni mimi. Hakuna aliyefungua uzi wa nauli yangu. Leo mkianza kuomba msaada wa transport kwa ba papa, nina hofu kwamba kile kidogo kinachotolewa kwa akina mama na watoto kitagawanywa tena.

Pia semeni ukweli: pesa taslimu ya transport ikiingia mfukoni mwa mwanaume, si yote itakayofika kwenye gari. Si wanaume wote, najua. Wangu anatembea kwa miguu ili watoto wawe na ya kupanda, na viatu vyake vimekwisha visigino. Kwa sababu yake siwezi kuupinga uzi huu. Lakini mkiomba, ombeni tikiti, msiombe pesa ya mkononi. Na muombe kwa mzazi, yeyote yule anayempeleka mtoto siku hiyo.

Mulushois ugenini

Nawasalimu kutoka Marekani, mimi mtu wa Lubumbashi. Hapa jambo hili lina jina na lina bajeti, basi niwape picha bila kupamba.

Kuna miji inayopunguza nauli kwa mtu kulingana na kipato chake. New York ilianza mpango wake mwaka 2019: mwenye kipato kidogo analipa nusu ya nauli ya treni na basi. Seattle ilitangulia mwaka 2015 kwa kadi yake ya bei nafuu. Kansas City ikaenda mbali zaidi, mwaka 2020 ikaondoa nauli ya basi kabisa, kwa kila mtu.

Kwa upande wa mababa hasa, serikali ya shirikisho ina fungu la programu za ubaba. Tangu 2011 limewekwa kuwa dola milioni 75 kwa mwaka, zinazogawiwa mashirika ya mitaani. Baba anafundishwa kutafuta kazi na kulea, na mashirika mengi yanampa tikiti za basi za kwenda kwenye usaili wa kazi, mahakamani, au kumwona mtoto anayeishi na mama yake sehemu nyingine. Waligundua kwamba baba hafiki kwenye mafunzo kama hana njia ya kufika. Hata mafunzo ya bure yana gharama ya mlangoni.

Lakini msidhani huku kumekamilika. Miji mingi ilijengwa kwa ajili ya mwenye gari. Basi linapita mara moja kwa saa, Jumapili halipiti, na ghala linalotoa kazi ya usiku liko mahali ambapo basi halifiki kabisa. Nusu ya nauli haimsaidii mtu ambaye basi lake halipo. Hilo ndilo la kuliangalia Lubumbashi: tikiti ya bei nafuu kwenye njia isiyo na gari ni karatasi tu.

Mwanzilishi wa uzi

Nimefurahi sana. Nijibu mmoja mmoja.

Mama wa soko, umenisahihishia ombi na nalikubali: tikiti, si pesa, na kwa mzazi anayempeleka mtoto. Sitaki senti moja ya mama iguswe. Nilimtaja baba kwa sababu msaada wa familia unapopangwa hapa, baba anachukuliwa kama mtu ambaye tayari amefika kazini na amelipwa. Na kuhusu mfuko kuhesabiwa kama abiria, hilo nalo linastahili uzi wake, ukiufungua nitachangia.

Wazo la tikiti lina nchi iliyolijaribu kwa miaka mingi. Brazili ilitunga sheria ya vale-transporte mwaka 1985. Mwajiri anamnunulia mfanyakazi tikiti za kwenda na kurudi kazini, na mfanyakazi anakatwa si zaidi ya asilimia 6 ya mshahara wake wa msingi. Kinachozidi hapo ni cha mwajiri. Naipenda sheria hiyo kwa sababu ya upande inaouegemea: mtu wa mshahara mdogo anayekaa mbali ndiye anayesaidiwa zaidi, kwa kuwa asilimia 6 yake inakwisha mapema. Kwetu ni kinyume, anayekaa mbali ndiye anayebeba yote. Kipimo cha safari nne kingebadilishwa kikawa kipimo cha njia halisi ya mtu, wenye kontrati wangepumua hata kesho. Hilo ni la kupelekwa na masendika (vyama vya wafanyakazi) kwenye meza ya mazungumzo na waajiri, na msimu wa mazungumzo ukifika tusiwaache wakazungumzia mfuko wa unga peke yake.

Shofere wa Katuba, mpango wako wa kundi la njia moja naona ndio wa kuanza nao, kwa sababu hauhitaji saini ya waziri. Tuna likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) kila mtaa. Watu wanaoaminiana kuweka pesa pamoja kila wiki wanaweza kuaminiana kulipia gari pamoja. Parokia na makanisa ya mitaani yanajua ni familia zipi zina mtoto mgonjwa wa kudumu. Kiti kimoja au viwili katika gari hilo vinaweza kulipiwa na kanisa kwa siku za kliniki. Ningependa kuona jambo hili likijaribiwa Kisanga au Kasungami kwanza, kabla ya Novemba, maana mvua ikianza barabara za huko zinakuwa matope na manseba wanapandisha bei maradufu au hawaingii kabisa.

Kwa wale ambao hawana gari hata la kuchangia, kuna kinga, yaani baiskeli. Msicheke. Makala mengi tunayopikia yanaingia mjini juu ya baiskeli, kwa nguvu za mababa. Jirani zetu wa Zambia wana programu kubwa ya World Bicycle Relief, inayogawa baiskeli imara zilizotengenezwa kwa barabara za vumbi. Utafiti uliofanyika huko kwa wasichana wa shule za vijijini uliona kwamba waliopewa baiskeli walipunguza kukosa shule kwa zaidi ya robo. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko kilomita 90 hivi kutoka hapa. Spea zinapatikana, mafundi tunao kila kona. Kinachokosekana ni mkopo mdogo wa kununulia, na pembezo ya barabara ambayo mwendesha baiskeli hatasukumwa mtaroni na lori.

Nitaongeza la reli, ingawa najua wengi mmekata tamaa nayo. Reli ilifika mji huu mwaka 1910 na bado inapita katikati yetu. SNCC, shirika la reli, inapitisha mizigo. Kinshasa, pamoja na matatizo yake yote, imekuwa ikiendesha treni ya abiria ndani ya mji. Sisi tuliozaliwa pembeni ya reli tunaivuka kwa miguu kwenda kupanda gari.

Mulushois, asante kwa kusema na upande mbaya. Ile sentensi yako kuhusu njia isiyo na gari nitaichukua kwenye kikao cha mtaa.

Kijana wa Ruashi

Ba yaya, mimi ni baba wa mara ya kwanza, mtoto ana miezi michache. Nina maswali mawili ya haraka. Siku mke wangu alipojifungua niliomba ruhusa, nikakatwa siku. Ilikuwa sawa? La pili: rafiki yangu alianguka na manseba asubuhi akienda kazini, mguu umevunjika. Kazini wamemwambia ajali ya barabarani haiwahusu.

Mwanzilishi wa uzi

Hongera kwa mtoto, Mungu amkuze.

La kwanza: haikuwa sawa. Code du travail inakupa siku mbili za kazi mke anapojifungua, katika kifungu cha 146, na ni siku za kulipwa. Peleka karatasi ya uzazi kwa mwajiri na uombe kwa maandishi warudishe walichokata. Wakikataa, nenda Inspection du travail (ofisi ya ukaguzi wa kazi) ukiwa na nakala.

La pili ni zito zaidi, na mababa wengi wanapoteza haki hapa kwa kutojua. Sheria ya usalama wa jamii, namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ile ya CNSS (mfuko wa taifa wa usalama wa jamii), inahesabu ajali ya njiani kati ya nyumbani na kazini kama ajali ya kazi. Kwa hiyo inawahusu sana hao waliomjibu. Rafiki yako amjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja, hata kwa mkono wa ndugu akiwa kitandani. Ahifadhi karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, atafute procès-verbal (ripoti) ya roulage kama walifika, na aandike namba ya pikipiki na majina ya walioshuhudia. Halafu aulize CNSS kama mwajiri alimtangaza. Kama hakutangazwa, kosa ni la mwajiri. Haki ya mfanyakazi haifi kwa sababu bosi hakupeleka jina lake.

Kuna sharti moja ambalo nataka wote mlijue. Ulinzi huo ni wa njia ya kawaida, isiyokatwa wala kugeuzwa kwa sababu za mtu binafsi. Sasa fikiria baba anayepitia shuleni kumwacha mtoto kisha anaendelea kazini. Akianguka baada ya kona ya shule, kuna mtu atakayemwambia aligeuza njia. Mimi nasema kumfikisha mtoto shuleni ni sehemu ya njia ya baba, na nataka maneno hayo yaandikwe katika convention collective (mkataba wa pamoja wa kazi) ya kila kampuni ya mji huu. Walio kwenye délégation syndicale (wawakilishi wa wafanyakazi) humu ndani, jitokezeni: mnakutana na waajiri wenu lini, na nani ataliweka mezani?